Anayeshika OB Ndiye Anayeshika Kesi

Desemba 2013, Martin Koome alifikishwa katika kituo cha polisi cha Ruaraka, Nairobi, kufuatia ugomvi wa nyumbani. Alipata kipigo akiwa kituoni, akafa. Polisi walisema amepigwa na mahabusu mwenzake, na kijana mmoja aliyekuwa seli moja naye akashtakiwa kwa mauaji. Agosti 2014, huko Kinango, Kaunti ya Kwale, polisi waliingia usiku katika nyumba moja na kumuua kwa risasi Kwekwe Mwandaza, msichana wa miaka 14. Walisema aliwashambulia kwa panga. Agosti 2021, ndugu wawili wa Kianjokoma, Embu, walikamatwa wakati wa kafyu, na familia ikawapata mochari siku mbili baadaye. Walisemekana kuruka kutoka kwenye gari la polisi lililokuwa likienda. Juni 2025, Albert Ojwang, mwalimu na bloga wa miaka 31, alitolewa nyumbani kwao Homa Bay, akasafirishwa zaidi ya kilomita 300 hadi kituo cha Central jijini Nairobi, na kabla ya siku ya pili kwisha alikuwa maiti. Tukaambiwa alijigonga kichwa ukutani.

Vituo vinne tofauti, makamanda tofauti, zaidi ya miaka 11 kati ya tukio la kwanza na la mwisho. Kila mara maelezo ya kwanza yalitoka kwa upande uliopaswa kuhojiwa, na upande huo ulikuwa tayari umeshika OB, yaani kitabu cha matukio cha kituo, seli, bunduki na mwili wa marehemu. Mjadala wetu kuhusu polisi huzunguka pale pale kwa sababu tunajadili tabia: kama ni askari wachache wabovu, kama ni mishahara duni, kama mafunzo ya chuo cha polisi cha Kiganjo yanatosha. Yote hayo yana uzito wake. Lakini kinachoamua kama kutakuwa na kesi au hakutakuwa ni jambo dogo zaidi na la kikarani: katika saa 48 za kwanza, kumbukumbu ziko mikononi mwa nani?

Sheria tunazo, na ni nzuri. Zilitokana na damu. Tume ya Waki, iliyochunguza ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007, ilihesabu watu 1,133 waliouawa, na 405 kati yao walikufa kwa risasi. Jopokazi la Jaji Philip Ransley likapendekeza mageuzi mwaka 2009, Katiba ya 2010 ikabadilisha jina kutoka kikosi kuwa Huduma ya Kitaifa ya Polisi, na Sheria Nambari 35 ya 2011 ikazaa IPOA, mamlaka huru ya kuwasimamia polisi, ambayo bodi yake ya kwanza ilianza kazi mwaka 2012. Katika Sheria ya Huduma ya Polisi ya 2011 kuna Jedwali la Sita, ambalo kila Mkenya angepaswa kulisoma angalau mara moja. Linasema afisa anayetumia nguvu lazima atoe ripoti mara moja kwa mkubwa wake. Nguvu hizo zikisababisha kifo au majeraha mabaya, mkubwa huyo lazima aiarifu IPOA mara moja, alinde eneo la tukio lisichezewe, na awaarifu jamaa wa aliyeumia au kufa. Asiyetoa ripoti ametenda kosa la kinidhamu. Na kutii amri ya mkubwa hakumwokoi aliyetumia nguvu kinyume cha sheria.

Ukiisoma kwa makini utaona palipo na ufa. Mnyororo mzima unaanza na mkuu wa kituo. Yeye ndiye wa kupiga simu IPOA, yeye ndiye wa kuzungushia eneo la tukio utepe, yeye ndiye wa kuita familia. Ikiwa yeye mwenyewe ni mshukiwa, kama ilivyokuwa Ruaraka, au ikiwa amri ilitoka juu yake, basi tumempelekea nyani kesi ya ngedere. IPOA inaweza kuingia kituoni, kudai vitabu na kuwahoji maafisa, lakini haiwezi kuchunguza kifo ambacho haijaambiwa, na mara nyingi hukijua kupitia mitandao ya kijamii au simu ya mama anayelia.

OB ndiyo moyo wa kituo. Hukaa kaunta, na afisa wa zamu huandika humo kila kinachotokea: ripoti ya wizi, mahabusu anayeingia, gari linalotoka doria, zamu inayobadilika. Kila ingizo lina nambari ya mfuatano, saa na tarehe, na ndiyo maana ukiripoti jambo hupewa nambari inayounganisha ingizo na siku. Kwa aliyezoea kukisoma, kitabu hiki ni vigumu kukidanganya, maana uongo wa ingizo moja hugongana na maingizo yaliyo juu na chini yake. Mtu akiandikwa kwamba aliingia saa tatu usiku, lakini nambari ya ingizo lake iko katikati ya maingizo ya saa tano, kuna aliyeandika baadaye. Zamu ikikabidhiwa kwa hesabu ya mahabusu saba wakati majina yaliyoandikwa ni sita, kuna mtu aliyelazwa seli bila kuandikwa.

Njia za kukiharibu zinajulikana pia. Ya kwanza ni kutoandika kabisa: mtu anawekwa seli, au anazungushwa ndani ya gari, na kwenye kitabu hayupo. Ya pili ni kuacha mistari mitupu ijazwe baadaye, baada ya kushauriana. Ya tatu ni kuandika sababu nyepesi ya kumkamata mtu kisha kuibadilisha akishaumia, ili ionekane alikuwa jambazi sugu tangu mwanzo. Ya nne ndiyo ngumu zaidi kuishika: mtu anakamatwa na maafisa wa kituo kimoja, anapitishwa kituo cha pili na kuwekwa cha tatu, na kila kituo kinaandika sehemu yake tu. Ojwang alitoka Homa Bay hadi Nairobi. Barabara hiyo ina vituo vingi vya polisi, na mahakama pia. Kosa alilodaiwa kutenda lilihusu maneno mtandaoni dhidi ya afisa wa ngazi ya juu wa polisi. Hakuna haja ya kiuchunguzi iliyomlazimu mtu wa namna hiyo kuvushwa nusu ya nchi ndani ya gari la polisi badala ya kuitwa kwa barua.

Jedwali la Tano la sheria hiyo hiyo linadai rekodi pana zaidi kwa kila anayezuiliwa: jina lake, sababu ya kukamatwa, saa aliyokamatwa, waliomkamata, saa alizohojiwa na waliomhoji, saa aliyohamishwa. Sehemu ya mahojiano ndiyo ambayo hupuuzwa zaidi. Vipigo vingi havitokei kaunta, vinatokea katika ofisi ya nyuma mtu anapotolewa seli "akaandike statement", na ikiwa hakuna palipoandikwa kwamba alitolewa saa fulani na afisa fulani, mahakamani kila mmoja atasema hakuwepo. Katiba nayo, katika Kifungu cha 49, inataka aliyekamatwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, au siku ya mahakama inayofuata ikiwa saa hizo zinaisha mahakama imefungwa. Ndiyo sababu ukamataji wa Ijumaa jioni unapendwa sana. Unampa polisi Jumamosi na Jumapili nzima bila hakimu kumwona mshukiwa. Ojwang alikamatwa Jumamosi.

Bunduki nazo zina kitabu chao. Ghala la silaha linapaswa kuonyesha nani amechukua bunduki ipi, ya nambari gani, na risasi ngapi, kisha ngapi zimerudi. Kitabu hicho kikiwa sawa, mchunguzi anaweza kupunguza washukiwa kutoka kikosi kizima hadi watu wachache kwa jioni moja. Kikiwa na mapengo, utasikia kwamba bunduki ilibadilishwa mkono doriani, au kwamba waliokuwa eneo hilo walitoka vituo mbalimbali na hakuna orodha ya pamoja. Maganda ya risasi huokotwa haraka. Na hata risasi ikitolewa mwilini, itapelekwa kulinganishwa na bunduki katika maabara iliyo chini ya DCI, idara ya upelelezi ya polisi wale wale. Sisemi wataalamu wa maabara hiyo si waaminifu. Wamewahi kutoa ushahidi uliowafunga wenzao. Nasema mfumo unaomtaka mtu huru amwombe mshukiwa mizani ya kumpimia una kasoro ya kimsingi, hata siku ambayo kila mtu ndani yake ni mwadilifu.

Katika kifo cha Ojwang, IPOA iliieleza Seneti kwamba mfumo wa CCTV wa kituo cha Central ulikuwa umeingiliwa. Kamera ziliwekwa kwa kodi ya umma ili zimlinde raia na askari pia, lakini mashine ya kurekodi ilikaa ndani ya jengo lile lile, chini ya ufunguo wa watu wale wale. Kamera ambayo picha zake hazitoki nje ya kituo ina thamani ile ile ya kitabu ambacho hakitoki nje ya kituo.

Kilichoyavunja maelezo ya kujigonga ukutani kilikuwa mwili wenyewe. Jopo la wanapatholojia lililoongozwa na Dkt. Bernard Midia lilikuta majeraha ya kichwa, dalili za kubanwa shingo, na majeraha mengine yaliyotapakaa mwilini, hali ambayo haiwezi kumtokea mtu aliyejigonga mwenyewe. Inspekta Jenerali Douglas Kanja aliomba radhi mbele ya maseneta kwa taarifa ya kwanza. Naibu wake Eliud Lagat, ambaye ndiye aliyekuwa amewasilisha malalamiko dhidi ya Ojwang, alikaa kando kupisha uchunguzi. Maafisa watatu na raia watatu wakashtakiwa kwa mauaji, wakakanusha. Yote hayo yalitokea mwezi ule ule wa Juni. Ni kasi isiyo ya kawaida kwetu, na inaonyesha kinachowezekana matokeo ya uchunguzi wa maiti yanapotangazwa hadharani kabla maelezo ya polisi hayajakauka wino.

Kwa familia nyingi mambo hayaendi hivyo. Mwili hupelekwa mochari ya umma na polisi wenyewe, wakati mwingine kama mtu asiyejulikana, ingawa kitambulisho kilikuwa mfukoni. Baadhi huambiwa wazike upesi. Na upasuaji ukifanywa bila mwakilishi wa familia, makosa yasiyorekebishika hutokea: nguo za marehemu hutupwa, wakati ndizo zenye matundu ya risasi na masizi ya baruti yanayoonyesha umbali wa bunduki, kucha hazikatwi kuchukuliwa sampuli, picha hazipigwi kabla ya mwili kuoshwa, risasi iliyobaki ndani haitafutwi kwa eksirei. Siku mwili unapofukuliwa kwa amri ya mahakama, mfupa unaweza kusema jambo, lakini michubuko ya ngozi imeshapotea.

Kwa aliyepigwa akabaki hai, mlango ni fomu ya P3, na hapo kuna kejeli chungu. Fomu ya kuthibitisha kwamba polisi amekuumiza inatolewa na polisi. Sehemu ya kwanza inajazwa kituoni, ya daktari inajazwa hospitalini, kisha inarudi kituoni. Anayekwenda kuiomba kwenye kituo kilichompiga huambiwa fomu zimekwisha, au arudi kesho, na kila siku inayopita inafifisha uvimbe. Hakuna sheria inayomlazimu aiombe kituo kile kile. Anaweza kwenda kituo kingine, na jambo muhimu kuliko fomu ni kutibiwa siku ile ile, kwa sababu kadi ya hospitali yenye tarehe, saa na maelezo ya jeraha ndiyo ambayo daktari atairejelea atakapoijaza P3 hata wiki mbili baadaye.

Sasa tazama kesi ambazo zilifika mwisho. Ruaraka, mkuu wa kituo, Nahashon Mutua, alipatikana na hatia ya kumuua Koome na kuhukumiwa kifo mwaka 2019. IPOA ilichunguza, mahabusu walioona wakasema walichoona, na kijana aliyekuwa amebambikiwa mauaji akaachiliwa. Fikiria kama wale mahabusu wangetawanywa, mmoja jela, mwingine mtaani bila anwani. Kinango, maafisa wawili walipatikana na hatia ya kuua bila kukusudia mwaka 2016 na kufungwa miaka saba. Hiyo ndiyo hukumu ya kwanza iliyotokana na uchunguzi wa IPOA, miaka minne tangu ianze kazi.

Kesi ya wakili Willie Kimani ndiyo inayofundisha zaidi. Mteja wake Josephat Mwenda, mwendeshaji bodaboda, alipigwa risasi na afisa wa polisi mwaka 2015, akafanya kile ambacho sheria inamwambia raia afanye: akalalamika IPOA. Baada ya hapo akaanza kufunguliwa mashtaka. Tarehe 23 Juni 2016, wakitoka mahakama ya Mavoko, Mwenda, Kimani na dereva wao wa teksi Joseph Muiruri walitekwa, wakafichwa katika kituo kidogo cha polisi Syokimau, wakauawa, na miili yao ikatupwa mtoni Ol Donyo Sabuk. Kilichowanasa wauaji kilitoka nje ya vitabu vya polisi: kijikaratasi cha shashi kilichoandikwa na kutupwa nje ya seli kikaokotwa na mpita njia, rekodi za simu kutoka kampuni za mawasiliano, na maelezo ya kukiri ya mtoa habari wa polisi. Jaji Jessie Lessit aliwatia hatiani Julai 2022, na Februari 2023 Fredrick Leliman akahukumiwa kifo, wenzake wakapewa vifungo vya kati ya miaka 20 na 30. Miaka sita na nusu, kwa kesi iliyofuatiliwa na mawakili wa nchi nzima.

Kesi hizi zilifaulu kwa sababu palikuwa na kumbukumbu ya pili. Mtu, simu au karatasi ambayo kituo hakikuwa na ufunguo wake. Pale ambapo kumbukumbu ya pili haikuwepo, faili hukaa kwa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma hadi shahidi wa mwisho ahame au akate tamaa. Na shahidi akiogopa ana sababu: Mwenda alikuwa mlalamishi halali wa taasisi ya serikali. Sheria ya kulinda mashahidi ipo tangu 2006, lakini ulinzi wake unahitaji mtu akubali kuacha nyumba, kazi na shule ya watoto, na wengi wa wanaopigwa na polisi ni watu wa kibarua ambao siku wasipotoka hawali.

Namna mpya ya kuua kumbukumbu ni kuhakikisha haizaliwi. Wakati wa maandamano ya Juni 2024, Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilikuwa imehesabu vifo 39 kufikia tarehe 1 Julai. Waliowakamata vijana walikuja na barakoa, nguo za kiraia na magari yasiyo na nambari za usajili. Jedwali la Sita linamtaka afisa aliyevaa sare awe na jina au nambari yake ya huduma mahali panapoonekana wazi. Afisa anayeficha uso na nambari hana ingizo la OB, hana sahihi ya ghala la silaha, hana kituo. Wapelelezi wanaofuatilia magenge wana sababu ya kuvaa kiraia, na nawakubalia. Anayerusha vitoa machozi mchana kweupe barabarani mbele ya maelfu hana sababu hiyo. Mwaka mmoja baadaye, Juni 2025, Boniface Kariuki, muuzaji wa barakoa katikati ya Nairobi, alipigwa risasi kichwani kwa karibu na afisa ambaye picha zake zilikuwa kwenye simu za watu kabla ya jua kutua. Afisa akashtakiwa. Bila zile simu, hebu kila mmoja ajiulize maelezo ya kwanza yangekuwa yapi.

Hata pale askari wa chini anaposhtakiwa, wenye amri hubaki. Usiku wa 11 kuamkia 12 Agosti 2017, polisi walivamia nyumba za Nyalenda, Kisumu, na mtoto Samantha Pendo wa miezi sita akapigwa, akafa siku chache baadaye. Hakimu Beryl Omollo aliongoza uchunguzi wa kifo hicho na mwaka 2019 akasema polisi wanawajibika, wakiwemo makamanda. Ilichukua hadi Oktoba 2022 kwa ofisi ya mashtaka kutangaza itawashtaki maafisa, na ikatumia Sheria ya Uhalifu wa Kimataifa ya 2008, kwa hoja kwamba uvamizi ulipangwa. Hoja hiyo ni sahihi kabisa. Operesheni ya polisi ina amri iliyoandikwa, ina mgao wa maeneo, ina orodha ya maafisa na magari, ina mawasiliano ya redio. Kamanda anayedai hajui nani alikuwa uchochoro gani ama anasema uongo ama hakufanya kazi yake, na yote mawili yanapaswa kumgharimu cheo.

Badala yake, dawa ya kawaida ni uhamisho. Afisa analalamikiwa Kayole, anahamishwa Lodwar. Wakubwa huita hiyo hatua ya kinidhamu. Kwa kweli ni hatua ya kuharibu ushahidi: afisa anakwenda mbali na mlalamishi, shahidi mwenzake anahamishwa kwingine, na jamii mpya inapokea mtu ambaye historia yake haijui. Kusimamisha mtu kazi kwa nusu mshahara hadi uchunguzi uishe ni utaratibu uliopo. Ungetumika.

Nimesikia mara nyingi hoja kwamba tunawawekea askari mizigo wakati wanaishi katika nyumba za mabati, wanajinunulia mafuta ya gari la doria na kuuawa kazini. Jopokazi la Jaji Mkuu mstaafu David Maraga lilieleza dhiki hizo mwaka 2023, na kupuuza hali yao ni dhambi ya serikali. Lakini kumbukumbu nzuri ndiyo kinga ya askari mnyoofu. Aliyefyatua risasi akiokoa maisha, akaripoti saa ile ile, akaacha maganda pale yalipoanguka, ana ushahidi wa kumsafisha. Anayebaki bila kinga ni yule aliyekuwa zamu usiku ambao mkubwa alimwambia asiandike.

Yanayohitajika yanaweza kutajwa kwa sentensi chache. Kila ingizo la mahabusu liende papo hapo kwenye seva iliyo nje ya polisi, IPOA na Mahakama zikiona. OB ya kidijitali imetangazwa mara kadhaa, na kama itabaki chini ya polisi peke yao tutakuwa tumebadilisha karatasi tu. Picha za CCTV za korido na kaunta zihifadhiwe mahali pengine. IPOA ipate wataalamu wake wa risasi na maabara. Na Sheria ya Huduma ya Kitaifa ya Uchunguzi wa Vifo, iliyopitishwa mwaka 2017, ambayo kwa miaka mingi imebaki karatasi tupu, ipewe ofisi na bajeti, ili anayeuchukua mwili wa mtu aliyekufa seli asiwe mwenye seli. Bunge lililopitisha sheria hiyo ndilo linalopitisha bajeti kila Juni.

Wakati hayo yakisubiriwa, familia ya aliyekamatwa inaweza kujitengenezea kumbukumbu ya pili kuanzia dakika ya kwanza. Lipigeni picha gari na nambari yake kama si hatari. Nendeni kituoni wawili au watatu, mkaulize nambari ya OB, kosa, na jina la afisa anayeshughulikia. Mkinyimwa, andikeni saa mliyofika na sura au nambari ya aliyewajibu. Ombeni kumwona mahabusu kwa macho, mkiambatana na wakili mkiweza. Dhamana ya polisi haina malipo ya kupita mkononi: ikiwa ni ya pesa, dai risiti. Mkiambiwa hayupo, zungukeni vituo vya karibu usiku ule ule, kisha mwende mochari pia, ijapokuwa inauma kuandika hivyo. Akiwa ameumia, kamateni kadi ya hospitali kabla ya kitu kingine. Akiwa amekufa, msikubali upasuaji ufanywe bila daktari wenu au mwakilishi wenu chumbani, ombeni nguo zake zihifadhiwe kama ushahidi, na msizike kabla ripoti haijasainiwa. IPOA hupokea malalamiko bila malipo kupitia nambari 1559 au katika ofisi zake za kaunti. Pigeni kwa laini iliyosajiliwa kwa jina lenu, tumeni na barua pepe usiku huo huo yenye maelezo yale yale, kisha hifadhini nakala kwa mtu asiyeishi nyumba moja nanyi.